Lulu Isiyotobolewa

Sonara Jamnadas wa Tabora, karibu na soko,
hakuitazama kwanza. Aliitia mdomoni,
akaisugua taratibu kwenye meno ya mbele,
macho kayafumba kama anayeonja mboga chumvi.
"Inakwaruza," akasema.
"Ya bandia huteleza kama maneno ya mdeni."

Kisha akavuta droo, akanimwagia nyingine,
duara, nyeupe, pacha waliovalishwa sare.
"Hizi nazo lulu, dada, sikudanganyi.
Ila zimefugwa. Mtu kampasua chaza, kamtia punje,
kamrudisha majini, kangoja.
Hii yako haikungojwa na mtu."

Nikamwelewa upesi. Sisi wa huku twaijua asali:
kuna ya mzinga wa mbao, yenye nambari ya ushirika,
na kuna ile ya pangoni mwa mninga, Sikonge ndani,
isiyo na mwenyewe mpaka umeumwa.

Hii ilitoka pwani kwa miguu.
Msimbira, babu wa bibi yangu, mpagazi,
alishusha pembe, akarudi na kaniki pande mbili
na hii, shavuni, upande wa jino bovu.
Miezi mitatu alisema kama mwenye uvimbe.
Wenzake wakamchemshia mizizi.
Akainywa yote.

Bibi alisema: enzi hizo kitu cheupe cha baharini
kilikuwa cha shingo moja tu.
Kibangwa kilikaa kifuani pa mtemi,
na macho ya watu yalikaa chini.
Basi Nyamizi, mke wa mpagazi,
akaisuka ndani ya nywele.
Alilima nayo, aliteka maji nayo,
akainama kuwasalimu wake za mtemi
nao wakapokea salamu
wasijue kilichowainamia ni nini.

Nilipokuwa na miaka sita bibi Kalunde alinitegea:
"Nyumba yangu haina mlango."
"Yai!" nikasema, kama watoto wote.
"Nipe mji."
Nikampa Urambo, akakataa. Nikampa Nzega, akakataa.
Nikampa Ujiji. Akaenda, akarudi,
akafungua kitambaa chenye mafundo matatu.
"Mimi sikusema yai."

Siyo nyeupe, ukiitazama.
Ni rangi ya maziwa yaliyolala kibuyuni,
na ukiigeuzia mlango,
ni ukucha wa mtoto wa jana.
Wala si duara. Ina bonde upande mmoja,
pale chaza alipochoka, au alipougua tena.

Jamnadas akataja bei.
Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti ndogo,
akitazama barabarani.
Ilikuwa bati za nyumba nzima
na ada ya Wande mpaka kidato cha sita.
"Kwa kuwa haijatobolewa," akasema.
"Malkia hutaka iliyo nzima.
Ukiitoboa, nusu ya bei inatoka na unga."

Nilikaa. Feni ilizunguka.
Miaka kumi na tisa napanga madaraja ya tumbaku;
najua jani jema likishapewa daraja
hufungwa mtumba, likawa la wengine.
Nikahesabu: shavu, msuko, fundo la kitambaa.
Watu wote wale, na hakuna hata mmoja
aliyewahi kuivaa.

"Toboa," nikamwambia.

Akabisha. Akaagiza chai. Akabisha tena.
Kisha akawasha kijitaa, akaibana,
na kekee ikaanza kulia, nyembamba kama mbu.
Unga ukadondoka juu ya karatasi nyeusi,
bati, bati, ada,
nami nikautazama bila kupepesa.

Jumatatu nimeingia nayo ghalani,
kwenye uzi mwekundu wa cherehani.
Jasho, vumbi la tumbaku, na yenyewe hapo kooni,
baridi kwanza, halafu yenye joto langu.
Msimamizi akasimama na daftari lake.
"Hiyo shanga, umeipata wapi?"

Nikamwambia: nipe mji.